Tingatinga Anapigana Jumamosi

Jumanne, 5 Agosti

Picha imekatika tena. Inaenda sekunde kumi, inaganda, kiduara kinazunguka. Baba alifumba macho akasema amechoka. Alikuwa ananisitiri tu.

Tangu radi iunguze televisheni ya sebuleni, kompyuta yangu kuukuu ndiyo inayoshika matangazo ya antena na kuyatuma kwa Wi-Fi hadi kitelevisheni cha chumbani kwa Baba. Jumamosi fahali wake, Tingatinga, anapigana kule Khayega, na kituo kimoja kitaonyesha moja kwa moja. Daktari alituambia turudi na Baba nyumbani. Najua maana yake. Nataka alione pigano hili. Sitaki kingine.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepanda juu ya mabati, nimegeuza antena. Waya mpya pia. Asubuhi yote safi. Saa nane wakaja akina mama wa kanisa kumwombea Baba, picha ikaganda. Walipoondoka nikaikagua mashine. Haina neno. Ningeipiga teke.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeng'amua. Wageni! Jumanne walikuwapo, jana pia; kila wanapokuja ndipo picha inapokufa. Simu zao zinameza Wi-Fi yetu. Nimebadilisha nywila na sikumpa mtu, hata shangazi aliyepitia leo kutoka Likuyani. Amenuna. Anune.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna mgeni. Picha safi kutwa. Baba amekunywa uji nusu kikombe, akanisimulia Tingatinga alivyokuwa ndama mkaidi. Nimefurahi, na naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti



Nyumba ilijaa kabla ya saa mbili. Tukamwegemeza Baba kwa mito. Ngoma za isukuti zikasikika, baba mdogo akaonekana akimwongoza Tingatinga uwanjani, Baba akainua kidole. Pembe zikakutana. Picha ikaganda hapo hapo.

Nilikimbia sebuleni. Juu ya kompyuta, kitambaa cha Mama cha kroshia, kile kizito chenye bitana kilichokuwa cha televisheni, kimeziba matundu yote ya hewa. Mashine moto kama kikaango. Kumbe Mama hukitandika wageni wakipiga hodi, na wakiondoka hukikunja kisichafuke. Mimi huwa chumbani na Baba. Sikuwahi kuona.

Nikampigia Mama kelele mbele ya watu.

"Sasa wageni waone kitu iko uchi hivyo, na vumbi?" alisema. Kisha akaelewa, akakaa chini.

Mashine ilipopoa, uwanja ulikuwa mtupu. Baba mdogo akapiga simu: Tingatinga ameshinda.

"Niliona pembe," Baba akaniambia. "Wacha mama yako. Anapambanga hii nyumba na vitambaa tangu nimuoe."

Nikatoka nje. Nimekaa nyuma ya nyumba hadi jioni, simsemeshi mtu.

Jumapili, 17 Agosti

Baba alituacha Jumapili iliyopita, alfajiri. Tumemzika juzi.

Leo nimefungua diski. Pigano lote limo. Nilikuwa nimeiagiza mashine irekodi, nikasahau. Joto lilikwamisha kutuma tu, kurekodi hakukuguswa. Jumamosi ile ile jioni ningeweza kumwonyesha. Nilikuwa nimenuna.

Nimemwita Mama. Tumetazama pamoja, dakika nne, bila kukwama popote. Tingatinga alimsukuma mwenzake hadi kwenye miwa.

Mama alisimama, kitambaa mkononi, akauliza kama sasa anaweza kufunika. Nikaizima mashine, nikashika upande mmoja wa kitambaa.