Waliomsikia Mwanangu

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Hujambo wewe, na watoto je? Kile kifua kilichokuzuia kuja kimepona, au bado unakipuuza kama kawaida yako? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mimi nimeanza kutoka nje na kufagia.

Umeniuliza kwa nini binti yetu, huyo uliyemzaa wewe, ameacha kwenda kufundisha ile shule ya msingi, na kwa nini ukimuuliza anageukia ukutani. Usimgombeze. Nilianza kukuandikia, nikachana karatasi. Leo sichani.

Unajua yeye na wenzake wa chuo walijitolea kuwafundisha watoto sayansi ya vitendo, ya kushika na kupima. Mwanangu, Mchokonozi wangu, alikuwa darasani kwake. Siku ya kwanza akamwita dada, akaambiwa hapa hakuna dada, kuna mwalimu. Basi binti yetu akija kwetu kula, yule mtoto anamwagiza: mwalimu, lete chumvi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kanuni yao ilikuwa moja: sema ulichokiona, sema ulichokisikia, hata kama hukukipenda. Nyumba ilikoma. Mtoto alionja mchuzi wangu mbele ya mgeni, akatangaza kuwa umeungua.

Kisha wakatengeneza kifaa cha kusikilizia moyo, kwa faneli ya mafuta na kipande cha mpira wa maji. Alimsikiliza baba yake, akamsikiliza paka, hata fundi aliyekuja kuziba bomba hakupona. Mwisho akaja kwenye tumbo langu la ujauzito. Binti yetu akamwonyesha pa kuweka faneli, akasikia. Alisema anakimbia, mama, anakimbia sana. Tangu hapo kila wakikutana walikuwa wakimsikiliza wao wawili, wakigombania ule mpira.

Jumamosi ile mtoto tumboni alikuwa ametulia tangu kulipokucha, nikajipa moyo kwamba ni joto. Mchokonozi akaweka faneli, akahamisha, akahamisha tena, akasema hamna kitu. Binti yetu akachukua mpira. Alisikiliza muda mrefu, jasho likamtoka puani. Halafu akainua kichwa, akamwambia mdogo wake, “Amelala.”

Mdogo wangu, niliuona uso wake, nikajua. Tukaenda hospitali mchana uleule. Ya huko uliambiwa: kwamba moyo ulikuwa umeshasimama, na mkunga akasema hata tungewahi vipi isingesaidia, na kwamba nilimzaa wa kiume.

Ambalo hukuambiwa ni hili. Binti yetu alipokuja kunipa pole, nyumba imejaa watu, Mchokonozi alisimama mlangoni akamwambia, “Mwalimu, nilikwambia hamna kitu. Wewe ulisikia hivyo hivyo, ukasema uongo.”

Binti yetu aliweka kikombe chini, akatoka, hajarudi kwangu wala shuleni. Na Mchokonozi hachokonoi tena. Anakaa tu, mikono mapajani, kama mgeni kwa watu.

Siku ile nilimkemea. Baadaye nikampakata, nikamwambia ulisikia sawa, mwanangu, na dada yako alisikia sawa, ila neno lilikataa kumtoka. Akaniuliza kama mwalimu naye huogopa. Nikamwambia huogopa.

Mwambie simlaumu. Lile “amelala” lilinifikisha hospitali kwa miguu yangu. Angesema jingine ningeanguka palepale mbele ya mtoto. Arudi kwa watoto wale, wanamuulizia.

Lakini kabla ya shule aje kwangu. Hili hata shemeji yako sijamwambia. Mimi sikuwahi kuusikia moyo wa mwanangu. Ule mpira ulikuwa mfupi, haukufika sikioni kwangu, na waliposema waurefushe nilikataa. Nikasema haraka ya nini, nitamsikia akilia. Wakunga wa kliniki husikiliza wengi, hawakumbuki. Waliomsikia ni hao wawili, na mmoja bado mdogo, akisema “anakimbia” amemaliza maneno. Binti yetu ni mtu wa chuo, anajua kueleza. Aje akae hapa karibu yangu, aniambie mwanangu alikuwa akisikikaje.

Wabusu watoto. Shemeji yako anakusalimu, na kifua usikifanyie mzaha.

Ni mimi dada yako,
Mama wa watoto wawili