Ukurasa wa Mwisho wa Toleo la Kwanza

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote wawili. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba umeacha ule ubishi wako wa kupanda ngazi na ndoo mkononi. Mimi huku ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Uliniuliza kama lile jarida letu bado lipo au lilishakufa kimyakimya. Lipo. Bado linaitwa Pambizo, lina kurasa arobaini na nane, na toleo la tano limetoka juzi. Bado tunakutana kila Jumapili katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, kwa sababu siku hiyo meza yake ya kukatia vitambaa haina kazi. Miswada yote inatoka pale ikiwa na chaki. Mwenzangu ni yuleyule mwalimu mstaafu tunayemwita Mzee Nukta, anayeweza kugombana na sentensi moja mpaka chai ipoe mara mbili. Siku za kazi niko kiwandani kwa wachapaji kama kawaida, nasahihisha prufu, zile nakala za majaribio, za kadi za kliniki na maandishi ya mifuko ya saruji. Mzee Nukta hunitania kwamba mimi ndiye mwandishi ninayesomwa kuliko wote, maana hakuna fundi ujenzi asiyenisoma.

Riwaya yangu ndiyo iliyokwama. Imekwama sura ya tisa, pale binti anapomshika mama yake mkono hospitalini na mama anakata roho. Unaijua habari hiyo, nilikusimulia mwenyewe. Sura hiyo nimeiandika mara kumi na moja. Mwaka jana nilimpa Mzee Nukta aisome tena. Alivua miwani, akasema kwa upole kwamba mama anamwona, kitanda anakiona, hata dirisha analiona. "Lakini huyu binti simwoni humo chumbani," akasema. Nilimjibu kwa ukali kwamba macho yake ndiyo yamechoka, nikakusanya karatasi zangu nikaondoka bila kuaga.

Haukupita mwezi ikaletwa bahasha dukani. Ndani mlikuwa na hadithi iliyoandikwa kwenye karatasi za daftari, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika amesimama. Mwandishi alijieleza kwa mstari mmoja tu: mhudumu wa wodi. Ilisimulia alasiri moja ya mhudumu na mama mzee aliyekataa kulala mpaka viatu vyake vigeuzwe vitazame mlangoni, ili asipate taabu kuvitafuta siku ya kuruhusiwa.

Dada, zaidi ya mama, ni nani mwingine uliyewahi kumwona akifanya hivyo?

Mzee Nukta aliisoma, akasema iwekwe ukurasa wa kwanza na isiguswe hata mkato. Kwake yeye huko ni kulia. Nikasema nitamwandikia mwandishi. Sikumwandikia. Niliifungia hadithi kwenye droo yangu kiwandani, chini ya prufu za saruji, na kila Mzee akiuliza nilimwambia mwandishi hajajibu. Toleo la nne likatoka bila hiyo hadithi. Ukurasa wa kwanza niliuchukua mimi, kwa hadithi yangu. Hivi ndivyo nilivyofanya, mimi niliyekuwa nikikwambia kwamba nimeanzisha jarida ili wasio na pa kusemea wapate pa kusemea.

Ilikaa humo karibu mwaka mzima. Ndipo Jumapili moja asubuhi akaingia mwanamke wa makamo, sare yake ya kazi ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Alituamkia, akasema hakuja kulalamika. "Nimekuja kuuliza tu kama hadithi yangu ni mbaya," akasema, "ili niache kusubiri." Mzee Nukta akanigeukia. Sikujua uso wangu niuweke wapi.

Nilimwomba Mzee atupishe. Kisha nikamuuliza yule mhudumu kama mambo yale yalitokea kweli. Akasema yalitokea, na hajayasahau kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa na wiki tatu kazini. Mgonjwa alifumbua macho akauliza, "Kitinda, umekuja?" Mhudumu akanyamaza, akiogopa kumdanganya mtu aliye katika hali ile. Alipoulizwa mara ya pili, akamshika mkono akajibu, "Nimekuja, mama." Mgonjwa akatulia, wala hakusema neno tena. Ilikuwa saa tisa na dakika chache alasiri. Binti alifika saa kumi na moja, viganja vimejaa wino, akakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Mhudumu alikuwa akipiga deki upande wa pili. Alimwona kwa mgongo tu.

Mgongo huo ni wangu, dada.

Siku ile daktari alisema mama ameamka na nafuu. Toleo letu la kwanza lilikuwa mashineni, na nikapigiwa simu kutoka kiwandani kwamba ukurasa wa mwisho wa hadithi yangu hauonekani. Nikamuaga mama kwamba nakwenda saa moja tu. Ukurasa niliupata mapema. Kisha nikataka kubadili sentensi moja, halafu nyingine, nikakaa pale kwa muda wa saa nne. Na nilikuwa na furaha. Hilo ndilo gumu kuliko yote kuliandika: wakati mama ananiita, mimi nilikuwa na furaha.

Jioni ile ile nikakupigia. Ulikuwa na siku sita tu tangu ujifungue, hukuweza kusafiri, na ulikuwa ukilia kwamba mama ameondoka bila wewe. Nikakwambia nilimshika mkono mpaka mwisho, na kwamba jina la mwisho kulitaja lilikuwa lako. Si kweli. Sikuwepo, wala jina lako halikutajwa; Kitinda aliyeitwa ni mimi, mtoto wake wa mwisho. Tangu hapo kila mwaka ukinishukuru kwa kuwa pale, nazipokea shukrani za mwanamke mwingine. Ningeweza kukueleza haya kwa simu, lakini kwa simu ndiko nilikokudanganya.

Nilimwambia mhudumu kwamba binti huyo ni mimi. Akauliza kama ningependa aitoe sehemu ya binti. Nikamwambia asitoe hata neno. Mzee Nukta naye nilimweleza yote, na habari ya droo. Alichukua kofia yake. Jumapili mbili hakuonekana; ya tatu akaja, akavuta kiti, akaomba prufu.

Nimeambatanisha toleo la tano. Hadithi ya mhudumu iko ukurasa wa kwanza, kwa jina lake. Yangu haimo. Sura ya tisa nimeianza upya: mama yuko kitandani, mhudumu yuko kando yake, na binti yuko kiwandani anabadili sentensi. Mzee Nukta amesema sasa anamwona. Hakunisifu, na sikutaka anisifu.

Ukikasirika, una haki. Ukikaa miezi bila kunijibu, nitaelewa. Sitakusumbua wala sitamtuma shemeji akubembeleze. Ila jambo moja usilikatae kwa sababu yangu. Mhudumu amesema siku utakapoweza kusafiri atakuwa tayari kukaa nawe, akueleze alasiri ile yote, hata yale ambayo hakuyaandika. Mimi sijamuuliza hayo. Nimeona wewe ndiye wa kuyasikia kwanza.

Wabusu watoto, mpe shemeji mkono, na goti ulifanyie dawa.

Ni mimi mdogo wako.