Mwavuli wa Mama Montmartre

Nevers, 2 Machi 1908

Mwanangu Clotilde,
Salamu nyingi. Mimi sijambo, wa kuhurumiwa ni baba yako. Tangu tumzike kaka yako Firmin, anachonga viatu vyake vya mbao kutwa bila kutoa neno. Mezani vinasikika vijiko tu. Na wewe uko Paris unatumbukia kwenye ndoo za chokaa ili upigwe picha za sinema! Rudi ukae naye. Usiporudi, nitakufuata.
Mama yako

Paris, 9 Machi

Mama mpenzi,
Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa goti. Sirudi, na usinune. Bwana mkubwa wa picha anasema hapa hakuna mwanamke anayejua kuanguka kama mimi, na hasemi uongo. Jumatano, jua likiwaka, nateremka ngazi za Montmartre mbio na soseji za wizi, polisi wakinifukuza. Msalimu Baba.
Binti yako

Paris, 13 Machi

Mama,
Umefika nyumbani salama? Ulikuja kunichukua, ukaondoka kabla sijainuka matopeni. Uliyemvunjia mwavuli kichwani si polisi, ni Gaston, muuza keki tuliyemvika sare. Hana kinyongo, anauliza tu kama wanawake wa kwetu wote wako hivyo. Sasa jikaze: mpiga picha wetu ana amri moja, haachi kuzungusha mkono wa mashine hata mbingu ianguke. Hakuacha. Umo kwenye picha, Mama, na bwana mkubwa hataki kukuondoa humo.
Binti yako

Paris, 20 Aprili

Mama,
Hamjambo? Kimya chako kinaniuma. Kama nimekuaibisha, sema, nitarudi.
Binti yako

Nevers, 11 Mei

Mwanangu,
Hatujambo, sote wawili. Nilikukasirikia, sikufichi. Picha imefika huku na hema la maonyesho. Shangazi yako alimburuta baba yako, nami nikafuata nimejifunika uso. Nilipotokea na mwavuli, yule msemaji anayeeleza picha akapaza sauti: "Tazameni, bibi katoroka kwa wendawazimu!"
Baba yako akasimama. Nikajua leo ni vita.
"Kichaa wewe! Huyo mke wangu! Na hapo kampiga taratibu!"
Hema zima likaangua kicheko, naye akacheka, Clotilde. Alicheka hadi machozi, kisha akalia kweli, akamtaja Firmin kwa jina. Njia nzima alinieleza Firmin alivyokuwa mtundu, mpaka tukafika mlangoni hajamaliza.
Baki huko, mwanangu. Anguka vizuri.
Mama yako