Jina la Kumi na Mbili

Mpendwa Madam,

Huko uliko sijui mnaishije, lakini nakujua wewe. Kama kuna watu watano na kitu chochote kinachodunda, umeshawapanga na mmoja wao analia. Kwa hiyo nakuandikia, na naandika wazi, kwenye kundi letu la wachezaji wa zamani, ili Rehema na wenzake wote wasome. Uongo wangu ulining'inizwa ukutani mbele ya watu, na ukweli nao usomwe mbele ya watu.

Nianzie uwanjani. Nikianzia kwingine nitatoroka, unanijua.

Ulitukuta mwaka wangu wa kwanza chuoni, tukicheza mpira wa kikapu wa kubahatisha kwenye saruji iliyopasuka kama kisigino. Kabla yako, timu ya wasichana ilikuwa adhabu ya mwalimu wa kiume aliyemkosea mkuu wa chuo. Alikaa kivulini na gazeti lake, sisi tukajidundia. Wewe ukaja na gunia la mipira mgongoni na soksi zimevutwa hadi magotini, tukacheka hadi tukashikana mbavu. Ukauliza kapteni ni nani. Nikanyoosha mkono kwa madaha. "Basi kapteni, shika ufagio." Nilifagia uwanja mzima nikikutukana kwa Kibukusu, kumbe unakijua kuliko mimi! Ukaningoja nimalize, ukanijibu kwa Kibukusu hichohicho.

Siku hiyo ulikuwa na orodha ya majina kumi na mawili, na tuliofika tulikuwa saba. Uliyaita yote. Ulipofika kwa asiyekuwepo tukanyamaza, nawe ukashusha kalamu. "Hapa hakuna jina linaloachwa hewani," ukasema. "Mwenzako asipokuwepo, mwitikie wewe. Sema anakuja." Ikawa sheria. Rehema alipoolewa Mumias tulimwitikia muhula mzima, "Anakuja, Madam!", na mwenzetu huko anafua nepi. Tulikuona umechanganyikiwa. Muhula uliofuata si akarudi! Mtoto ukamlaza juu ya gunia la mipira, mama yake ukamkimbiza raundi kumi.

Jina langu uliliita la mwisho, la kumi na mbili. Ulisema kapteni ndiye anayefunga mlango.

Miaka kumi na saba ulikuwa kocha mkuu wa timu ile. Nakumbuka ulivyokalia ngazi ya basi la wavulana mpaka mkuu wa chuo akatoka ofisini na kusema haya, na wasichana wapande. Nakumbuka kombe la kwanza, tulilolinywea uji kwa zamu kwa sababu vikombe vilisahaulika nyumbani. Nakumbuka nikiogopa kurusha mpira, nawe pembeni unapiga kelele, "Nekesa, unaulinda ama unaubembeleza?" Na siku nilipomaliza chuo ulinishika mabega yote mawili. "Wewe utakuwa kocha. Sikwambii labda."

Ni hayo maneno, Madam. Hayo ndiyo niliyoshindwa kuyabeba.

Miaka kadhaa baadaye nilikuja Dubai nikapewa kofia, redio na mlango. Mlango wenyewe ni wa ukumbi wa michezo wa chuo kimoja cha wasichana, upande wa Silicon Oasis. Kila asubuhi basi la kampuni hutuzoa kwenye kambi ya wafanyakazi Jebel Ali na kunimwaga hapo. Nakagua mifuko ya wachezaji, nasema "Good morning, madam" kwa mabinti niliowazidi miaka kumi na kitu, wao wanaingia, mimi nabaki nje. Mpira nausikia tu.

Siku moja ulinitumia ujumbe kuuliza nafanya kazi gani. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nilivua kofia, nikavaa jaketi juu ya sare, nikaokota mpira uliosahaulika, nikamwomba mwenzangu Nakato, Mganda tunayepokezana naye zamu, anipige picha chini ya kikapu. Nikakutumia. Ukauliza, "Unafundisha?" Nikaandika, "Ndiyo, Madam. Kocha msaidizi." Nikatuma papo hapo. Nakato alichungulia begani mwangu, akasoma, akasema, "Wewe, haya mambo yanarudi." Nikamwambia afunge mdomo.

Ukaichapisha picha ile, ukaibandika ukutani kwenye stoo ya michezo. Wasichana waliokuja baada yetu ukawa unawasimamisha mbele yake: "Mwangalieni dada yenu!" Rehema aliniambia, naye akiamini kama wewe. Ningesema kweli siku hiyo, mngenicheka wiki moja mkanisamehe. Sikusema.

Kisha mkuu mpya wa chuo akakuita, akakuambia timu inahitaji damu changa. Ukakabidhi funguo na gunia kwa kijana aliyekuja na cheti na miwani ya jua. Hukulalamika kwa mtu. Uliniandikia mimi. "Nekesa, nitafutie nafasi hapo kwenu. Hata msaidizi wa msaidizi. Nitabeba mipira."

Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Tiki mbili zikageuka buluu, ukajua nimesoma. Ningekujibu nini? Nafasi ipi, na mimi mwenyewe siruhusiwi kukanyaga ile sakafu kwa viatu vyangu? Nikasema nitajibu kesho. Nawe unajua kesho yangu ilivyo ndefu.

Wiki iliyofuata ukatuma ujumbe wa sauti. Hukuomba kitu. Uliita majina tu, ya timu ya kwanza, yote kumi na mawili, na kila jina ukaliitikia mwenyewe kwa kuiga sauti ya mwenye jina. Ya Rehema, ile ya puani, uliipatia kabisa, ukacheka mpaka ukakohoa. Ulipofika la mwisho ukasema, "Nekesa?" Hapo hukuiga. Ulingoja. Kuna jogoo anawika, kuna mtu anafagia, nawe unangoja. Halafu ikakatika.

Sikuitika, Madam.

Siku ya ishirini baada ya sauti ile Rehema akapiga simu. Presha, alisema, umeanguka ukianika nguo. Akalia, kisha akaniuliza, "Ulimjibu? Alikuwa akiniuliza kila siku kama mtandao wa huko ni mbaya." Nikasema ndiyo, ni mbaya. Hata siku hiyo nilidanganya.

Niliomba ruhusa nije kukuzika. Msimamizi akauliza kama wewe ni mama yangu. Nikasema hapana, ni kocha wangu. "Sio mama? Basi, khalas," akasema, akarudia chai yake.

Tangu hapo unaniita. Mchana kweupe, Madam, wasichana wakiwa mazoezini, katikati ya mdundo na mdundo: "Nekesa?" Kwa swali lilelile. Mara mbili nimeitika kwa nguvu, "Naam, Madam!", mzazi wa mwanafunzi akageuka kuuliza nataka nini. Nakato amechoka nami. "Wacha kuitikia watu hawapo," ananiambia. Nami najibu moyoni kwamba nilipotakiwa kuitika ulikuwepo.

Sasa kuna jambo nataka ulijue. Nakato na wenzake, walinzi na wasichana wa kazi za nyumbani, hukusanyika Ijumaa asubuhi kwenye kiwanja kidogo katikati ya maghorofa, kabla jua halijakasirika. Walisikia niliwahi kucheza, wakanibana niwafundishe. Nilikataa miezi miwili. Siku niliyokubali niliwaambia kwanza kwamba mimi si kocha, sijawahi kuwa, ni mlinzi wa mlango kama wao. Mmoja akasema, "Kwani tumekuuliza? Yalla, tuanze!" Ilikuwa rahisi hivyo. Nililia nyuma ya nguzo.

Niliwafundisha na sheria yako. Wengi hukosa, maana madam wao wa nyumbani akibadili nia, Ijumaa imekwenda. Basi wanaitikiana: "Anakuja, Madam!"

Ijumaa iliyopita niliita majina kama kawaida. Sikuwa nimepanga, wallahi, lakini nilipofungua mdomo lilitoka lako kwanza. "Khasandi?" Wakatazamana. Hakuna mtu wa jina hilo pale, na mimi siwezi kusema nimekosea wala siwezi kuendelea. Ndipo Nakato, aliyekuwa ameinama anafunga kamba za viatu na hajui Khasandi ni nani, akapaza sauti bila kuinuka, "Anakuja, Madam!"

Na mimi, mlinzi mzima wa miaka sita kazini, nikageuka kuangalia geti. Niliangalia kwa muda mrefu, mpaka wasichana wakaanza kuangalia nami.

Hukuja. Mpira tukaucheza.

Nipo, Madam.

Kapteni wako,
Nekesa, mlinzi wa mlango