Kindi Watatu Chini ya Mitungi

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Wiki ya pili kwenye mradi wa kindi. Daktari Gelle huwalaza kwa dawa, huwachana manyoya kwa kitana juu ya sahani nyeupe, nami naandika: kupe, chawa, viroboto. Viroboto ndio wengi. Na wanaruka! Navaa glavu mbili kila mkono. Abdisalam, dereva wetu, hana mbavu — waryaa karani, umesoma hadi chuo kikuu uje kuogopa chawa wa dabagaalle, wa kindi tu? Nikamwambia viroboto wa kwanza wamepelekwa Nairobi kupimwa kama wana tauni. Akajikuna mguu. Kidogo tu.

Alhamisi, 18 Septemba
Stima imepotea tangu asubuhi. Friji ya ofisi sasa ni kabati. Kindi watatu wamekufa mtegoni kule mtoni, na Daktari yuko Bura hadi kesho. Kwenye simu akasema: watafutie mahali pa baridi, Awil, wakioza usinitazame usoni. Wapi pa baridi? Ofisi nzima ni tanuri. Nimewaleta nyumbani — ndani ya gunia, maana mifuko ya nailoni imekwisha. Nimewasukuma chini ya mitungi ya maji. Hakuna mahali pa baridi kama pale. Ndiyo maana Samsam, mdogo wangu, hutandika mkeka wake wa kulala papo hapo. Hooyo, mama yangu, akauliza ni nini. Nikasema ni vifaa vya kazi.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimewarudisha asubuhi. Daktari akachana, akachana. Sahani nyeupe tupu. Hata kiroboto mmoja! Akacheka: wamehama, bwana. Mwenye nyumba akipoa, wapangaji hutafuta nyumba yenye joto.
Kisha akauliza walilala wapi.
Nikasema ofisini.
Sijui kwa nini. Ninajua. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu, na sijamaliza hata mmoja.
Jioni nimemwaga dawa ya wadudu nyumba nzima. Hooyo kakohoa na kulalamika. Nimeanika mkeka wa Samsam juani. Miguuni ana vipele vyekundu. Anasema ni mbu.
Yaa Rabbi, na wawe mbu.

Jumamosi, 20 Septemba
Samsam mzima. Anaruka kamba na Yurub, binti wa jirani. Labda nimejitisha bure.

Jumatatu, 22 Septemba
Homa. Imempanda ghafla, adhuhuri. Hooyo anasema ni malaria, kila mtu ana malaria. Nimemwomba tumpeleke hospitali. Akasema kwanza asomewe Kurani, kesho tuone. Sikubishana. Ningebisha kwa hoja gani, bila kusema?

Jumanne, 23 Septemba
Kipimo cha malaria: hana. Wamempa dawa ya maumivu, turudi nyumbani. Usiku mzima Hooyo amemlaza kifuani. Kinenani ameota uvimbe, haguswi. Nilisoma kuhusu uvimbe huo, ule wa tauni. Nilisoma vizuri mno.
Majibu ya Nairobi bado.

Jumatano, 24 Septemba
Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Daktari wa zamu, Dakta Nurto, aliuliza kama mtoto amegusa mnyama. Hooyo akajibu haraka: mbuzi tu, kama watoto wote. Nikasema — hapana.
Nikasema yote. Gunia, mitungi, viroboto. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Dakta Nurto hakunigombeza. Alirudi nyuma hatua moja, akavaa barakoa, akaagiza sindano. Akasema ningesema jana.
Hooyo alinitazama kama anayemtafuta mwanawe mahali fulani nyuma yangu. Awil, wewe uliyesoma, hivyo vifaa vyako uliviweka kichwani pa mtoto? Basi. Akarudi kumpangusa Samsam jasho.
Samsam anapumua kwa kukatakata. Haitiki nikimwita.
Nimempigia Daktari Gelle. Haipatikani.
Dakta Nurto amerudi, anataka kujua nani wengine wamelala chumba kile cha mitungi. Mimi nalala nje, uani. Hooyo ndiye hulala humo na Samsam. Amejikunja pale sakafuni kando ya kitanda, amejifunika shuka ya mtoto hadi shingoni, anauliza nani amefungua dirisha, kuna baridi. Hakuna dirisha lililofunguliwa. Ni saa saba mchana, Garissa, jasho linanidondokea kwenye karatasi hii, na meno ya Hooyo yanagongana