Breki za Gari la Nyuma

Ijumaa, Lewisville

Ni mimi niliyesema gari tunalovuta nyuma ya motorhome, ile nyumba yetu ya magurudumu, ni jepesi, sheria ya Texas hailidai liwe na breki zake lenyewe. Likiwa tupu, kweli. Lakini tulikuwa tunakuja harusini, na kanisa zima la kwetu Pearland likatuletea masufuria, kreti za soda, mbuzi kwenye barafu. Mzigo wa harusi utamkatalia nani? Nikalijaza mpaka juu. Uzito sikuuwaza kabisa.

Kwenye foleni ya Dallas, Baba Njeri akakanyaga breki, na lile gari likatusukuma. Tulisimama karibu tuguse lori la mbele.

"Mum, are we okay?" Njeri akauliza.

Baba yake hakunigombeza. Tulipofika alipakua masufuria yote mwenyewe.

Heri angenigombeza.