Kitufe cha Kuchapa

Jumatatu, 4 Agosti

Umeme umerudi. Nimekaa tena mbele ya madirisha mawili yale yale, moja la Qt, moja la Tk. Programu ni moja, Kata. Unaipa vipimo vya mtu, inachora patron, kiolezo cha nguo, unaichapa, unakata kitambaa. Mimi natumia Linux hapa mtaani kwangu Yoba, mafundi cherehani wa Muyinga, niliowaandikia, wana Windows. Zana niliyoanza nayo imeachwa na walioiandika, kwa hiyo lazima nichague nyingine itakayochora vitufe pande zote mbili.

Zilizobaki ni Qt na Tk. Qt inapendeza. Tk ina sura ya kizee. Sijui.

Jumatano, 6 Agosti

Désiré, mwenzangu katika kuandika Kata, anataka Qt na hataki kusikia lingine. Eti mtu akiiona Tk atadhani programu ni ya enzi za babu yake. Tumegombana kwenye simu. Hajawahi kukanyaga Muyinga, lakini anaijua kuliko wote! Mimi mwenyewe sijafika tangu mwaka jana.

Nilimtumia Mama Saidi, mkubwa wa karakana ya ushonaji ya Muyinga, dirisha la Qt na la Tk wayajaribu. Leo amejibu: “Zote iko bien, mwanangu. Courage.”

Ijumaa, 8 Agosti

Hiyo courage inanitia hofu. Kila nikituma kitu jibu ni lile lile: ni nzuri, jipe moyo. Hawajawahi kulalamika hata mara moja. Programu gani isiyo na kasoro?

Mimi nimekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nyumbani kwetu tulisemana usoni. Hapa ukimpa mtu zawadi hakuambii ubaya wake. Na Kata ni ya bure, hata msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kwao ni zawadi. Kwa nini sikuliona hili mapema? Mjinga mimi.

Shule zinakaribia kufunguliwa, wana oda kubwa ya sare. Kama hata sasa hawaitumii Kata, basi hakuna anayeitumia duniani. Nimeandika kwa ajili ya nani?

Jumatatu, 11 Agosti

Kituoni, nilitaka kwenda Muyinga nikajionee mwenyewe. Hakuna essence, petroli imekwisha, hakuna gari. Nimerudi nyumbani na begi langu. Désiré anasema keshokutwa anaanza Qt, nikubali nisikubali.

Jumanne, 12 Agosti

Muyinga. Nimepata gari kupitia Karuzi, nimefika nimejaa vumbi. Nimewakuta kazini, vyerehani vyote vinalia.

Mariamu, binti wa Mama Saidi, alikuwa ameegemea kompyuta. Karatasi nyembamba ameibandika juu ya kioo, anafuatisha mistari ya patron kwa penseli. Kipande cha sketi. Nimesimama mlangoni, namtazama.

Qt haijafunguka hata siku moja. Mashine yao ina Windows ya zamani, Qt mpya haiitaki. Niliwauliza inafungukaje, sikuwauliza wana Windows gani. Tk inafunguka, ila dirisha ni refu kuliko kioo chao. Kitufe cha kuchapa nilikiweka chini kabisa. Hawajawahi kukiona. Printa ipo pale, imefunikwa kitambaa. Hilo si kosa la Tk, ni langu. Nilipima dirisha kwa kioo changu.

Nikamuuliza Mama Saidi kwa nini hakuniambia.

“Mi ningekuambiaje? We umetufanyia bure. Programu iko muzuri, ni écran yetu ndiyo iko kadogo.”

Akaniletea chai. Nimelia mbele ya mafundi. Aibu, halafu hasira, sijui hata kwa nani.

Kabla ya kuondoka nimemwomba kitu kimoja: akiona ubaya aniambie, asiponiambia ananiua. Amecheka. Hakuahidi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia Désiré. Tk. Nimemweleza karatasi juu ya kioo. Amesema sawa. Hakuna aliyeshinda, na sura bado ni ya kizee. Nimepandisha kitufe cha kuchapa juu kabisa na kulifupisha dirisha. Nimewatumia. Sasa nasubiri. Nikipata courage nyingine naifuta Kata yote.

Jumatatu, 18 Agosti

Kimya. Silali vizuri. Labda wamerudi kwenye penseli na wanaona haya kuniambia.

Ijumaa, 22 Agosti

Mvua ndogo, ya ajabu kwa mwezi huu. Nilikuwa naanika nguo, nikazirudisha ndani. Simu ikalia, ujumbe wa Mama Saidi:

“Tumechapa sketi zote. Lakini ile ya kuchapa umeiweka karibu na ile ya kufuta. Mariamu amefuta patron ya kanzu. Haiko bien, mwanangu. Rekebisha.”

Nimeusoma mara mbili. Nimeweka maji ya chai jikoni, nimefungua kompyuta, navitenganisha vile vitufe.